Maren Anapogeuka

"Mpaka jioni, Dagny," Frode alisema kwenye simu. "Siku ishirini na mbili zimepita. Magari makubwa manne yalipita barabara ile asubuhi ile, na yote umeyakagua. Leo ukirudi mikono mitupu, jalada linafungwa. Tutaandika: aliyemgonga hajulikani."

"Mtu amekufa, bosi."

"Najua. Nimesoma ripoti yako mara tatu."

"Isome ya nne," Dagny Riisager akajibu, akakata simu, akashuka garini. Upepo wa Machi kutoka baharini ulikuwa mkali kiasi kwamba alilazimika kuusukuma mlango kwa bega ili ufungike.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Kijiji cha Nørhede kilikuwa na kanisa, shule, duka moja na nyumba sitini zilizoipa bahari mgongo. Nje ya lango la kanisa, saa moja na dakika ishirini ya asubuhi moja ya Februari, Oda Stenild, mpiga kengele na mtunza makaburi, mwanamke wa miaka sitini na mmoja, aligongwa na gari ambalo halikusimama. Aliishi siku tisa hospitalini bila kusema neno, kisha akafa.

Mtaroni Dagny aliokota vipande vya kioo cha pembeni cha gari kubwa. Lori la maziwa na lori la chakula cha nguruwe vioo vyao vilikuwa vizima, tena vya zamani. Lori la taka lilikuwa na kamera, na kamera ilimsafisha dereva. Likabaki basi la shule. Basi lilikuwa na kioo kipya upande wa kulia, ila dereva wake, Asger Toftdal, alisema alikivunja kwenye nguzo ya karakana siku moja kabla ya ajali. Nguzo ilikuwepo, mchubuko ulikuwepo, na rangi ilikuwa ya basi. Kioo cha zamani kilikwisha kwenda na chuma chakavu. Cheti cha daktari cha Asger, cha miaka miwili iliyopita, kilisema ana macho ya kipanga. Miaka ishirini na sita barabarani, hajawahi hata kumkanyaga kuku. Dagny alikuwa ameshalikata jina lake orodhani.

Aliingia dukani.

"Ohoo, umerudi!" Jytte Holmgaard, mwenye duka, alikuwa akipanga mikate kwenye rafu. "Mimi nilidhani upepo umekurudisha mjini. Kahawa?"

"Nyeusi."

"Kama roho yako." Jytte akacheka peke yake, akamimina. "Inspekta, wewe unahangaika na magari. Kijiji kizima kinajua nani kamchukua Oda."

"Maren."

"Umesema mwenyewe."

Dagny alikuwa ameambiwa hivyo katika kila nyumba aliyobisha hodi. Maren lilikuwa jiwe la kaburi kwenye ukuta wa kaskazini wa kanisa. Zamani lilikuwa na uso wa shaba wa mjane wa nahodha. Vita fulani vikaja, askari wakaubandua uso wakauyeyusha, na kwenye chokaa ikabaki alama yake, uso uliodidimia ndani kama kalibu. Watu walisema tangu siku ile Maren huwageukia wapitao, akiwatafuta waliomnyang'anya sura.

"Oda alimsugua kwa brashi ya waya mwezi wa kwanza," Jytte akaendelea. "Nikamwambia, Oda, mwache mwenzio na ukungu wake. Akanicheka. Haya, yuko wapi sasa?"

"Jiwe haliachi vipande vya kioo mtaroni, mama."

"Cheka tu. Na wa pili yuko njiani."

"Nani huyo?"

Jytte akashusha sauti ingawa dukani hapakuwa na mtu mwingine. "Asger. Maskini ya Mungu. Maren amemfuata mpaka akamgusa."

Dagny akaweka kikombe chini. "Sijakuelewa."

"Wewe si wa hapa, ndiyo maana. Sikiliza. Sisi sote Maren hutugeukia. Ukipita kushoto, anakuja kushoto, ukipita kulia, anakuja kulia. Lakini ukimsogelea, zikibaki hatua tatu nne, anakuachia. Anakuwa shimo tu, jiwe kama mawe mengine. Ndivyo tulivyomjua tangu enzi za bibi zetu. Asiyeachiwa, anayetazamwa mpaka anapoweka mkono usoni pake, huyo kachaguliwa. Asger alikuja hapa siku ya mazishi, mweupe kama karatasi. Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Akaniambia, 'Jytte, hakuniachia.' Nilimpa glasi ya pombe kali, nusu ikamwagika kwenye kaunta."

"Alikwenda kufanya nini kwenye jiwe?"

Jytte akarudi kwenye mikate yake. "Hilo sikumwuliza," akasema.

Dagny aliandika kwenye daftari. Hakuandika kwa sababu ya Maren. Aliandika kwa sababu mtu asiye na neno na marehemu haachi watu wakila keki ya mazishi akaenda peke yake ukutani kuongea na jiwe.

*

Mchungaji Ellinor Vang alikuwa mwanamke mrefu, mwenye buti za mpira chini ya joho lake jeusi, kwani alikuwa ametoka kuzungumza na wafiwa wengine na bado hajabadilisha. Walizunguka kanisa wakiwa wameinama kuukabili upepo.

"Hujaja kwa ajili ya hadithi, natumaini," alisema.

"Nimekuja kuona anachoona kila mtu."

"Simama hapo basi, kwenye mti. Sasa tembea."

Dagny akatembea. Kwenye ukuta mweupe, ndani ya jiwe la kijivu, uso wa mwanamke ulikuwa umejitokeza kama wa mtu anayechungulia dirishani, na alipokwenda kulia uso ule ukageuka kulia, polepole, mashavu, pua na kidevu vyote pamoja. Akasimama, ukasimama. Akarudi, ukarudi naye. Alikuwa na miaka ishirini na moja katika kazi hii, amepekua vyumba vilivyonuka mauti, lakini nywele za kisogoni zilimsimama.

"Huzoei," Mchungaji akasema. "Mimi nina miaka kumi na minne hapa, na jioni napita upande wa kusini. Usimwambie askofu."

Dagny alianza kuhesabu hatua akilielekea jiwe. Kumi, tisa, nane, bado alitazamwa. Tano, nne. Kwenye ya tatu uso ulizama. Pua iliyokuwa mbele ikawa shimo, macho yakawa vibakuli viwili vyenye maji ya mvua. Akarudi nyuma hatua mbili, Maren akatokea. Akaenda mbele, Maren akazama.

"Rudia wewe," akamwambia Mchungaji. "Uniambie ni hatua ngapi."

"Tatu," Mchungaji akasema baada ya kujaribu. "Daima ni tatu. Wengine husema nne."

Wakamwita mwanamke aliyekuwa akimwagilia kaburi la mumewe. Naye akasema tatu. Dagny akaandika majina na hatua. Alikuwa anafunga daftari upepo ulipochota mchanga kutoka njiani na kumpiga nao usoni. Jicho la kulia likawaka moto. Akalifunika kwa leso, akainua kichwa kutafuta pa kuegemea.

Maren alikuwa anamtazama kutoka umbali wa mkono.

Leso ilibaki jichoni. Akainamisha kichwa kushoto, uso ukainama kushoto. Akanyoosha mkono na kuugusa. Vidole vilizama ndani, mahali ambapo jicho lake lilikuwa likimwapia kwamba kuna pua. Akaondoa leso. Shimo. Akafunika tena. Uso.

"Inspekta? Umepauka."

"Mchungaji, funika jicho moja. Haya, sogea. Sogea zaidi."

Mchungaji akasogea, kiganja kikiwa jichoni, buti zikilia kwenye changarawe. Alipofika kwenye jiwe akaguta, "Yesu wangu! Haniachii!"

"Ondoa mkono."

"Kazama."

"Basi hivyo," Dagny akasema. "Macho mawili yanapima kina. Ukifika karibu yanakutobolea siri kwamba ni shimo. Jicho moja haliwezi. Jicho moja linadanganywa mpaka mwisho." Akageuka. "Hawa wanaosemwa walichaguliwa zamani, wapo waliowahi kuandikwa?"

Kwenye kabati la sakristia kulikuwa na vitabu vya kanisa vya miaka mia mbili. Mchungaji aliyapata majina matatu kwa muda wa nusu saa, maana watangulizi wake walipenda kuandika uvumi pembezoni mwa kurasa za vifo. Wa kwanza alikuwa mhunzi. Dagny alipitisha kidole chini ya mistari, Mchungaji akimsomea mwandiko wa kale. Mhunzi yule alirukiwa jichoni na cheche ya chuma miezi mitatu kabla ya kuchaguliwa. Wa pili alikuwa bibi kizee aliyeandikwa kuwa na mtoto wa jicho upande mmoja. Wa tatu hakuandikwa chochote zaidi ya kwamba alikuwa mvuvi na alikufa kitandani, mzee wa miaka themanini na minane, miaka kumi na tisa baada ya kuchaguliwa.

"Huyu Maren alimsahau," Mchungaji akasema.

"Maren hachagui wafu, Mchungaji. Anachagua wenye jicho moja." Dagny alikuwa ameshasimama. "Watoto wa shule wanatoka saa ngapi?"

"Saa nane. Asger huwarudisha..." Mchungaji akakifunga kitabu. Rangi ilimtoka, na haikuwa kwa sababu ya jiwe. "Wangu hupanda basi lile," akasema.

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini na tano.

*

Basi lilisimama kwenye uwanja wa shule, pua ikielekea barabarani. Asger Toftdal, mtu mnene wa miaka hamsini na tisa, alikuwa akifuta kioo cha mbele kwa kitambaa, mgongo ameuelekeza barabarani. Alifuta taratibu, kama mtu anayelipenda gari lake.

Dagny hakumwita. Alitembea kando ya basi, kwenye majani ambako hatua hazisikiki, akasimama hatua moja kutoka bega la kulia la dereva. Mtu yeyote angeshtuka. Asger aliendelea kufuta. Dagny akatoa daftari, akaandika saa, akainua mkono na kuupunga polepole usawa wa sikio lake. Asger alikuwa akiimba puani.

"Bwana Asger."

Kitambaa kikaanguka. Alizungusha mwili mzima, siyo kichwa tu, ndipo akamwona.

"Duh! Unataka kuniua, mama? Umetokea wapi?"

"Nimesimama hapa dakika nzima."

"Nilikuwa mbali kimawazo."

"Inawezekana. Jytte ananiambia Maren hakukuachia."

Asger akaokota kitambaa. Mara ya kwanza vidole vilipita pembeni yake, mara ya pili ndipo vikakipata. "Jytte ana mdomo kama redio," akasema.

"Alikufuata mpaka ukamgusa. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo. Na kama ni kuchekwa, wacheke. Nilimwona kama ninavyokuona. Alinigeukia mpaka mwisho."

"Sikucheki. Hata mimi leo amenifuata mpaka mwisho." Akaona bega la Asger likilegea kidogo, kama aliyepata mwenzake wa msiba. "Nisaidie kitu kimoja kisha nitakuacha. Funika jicho la kushoto."

"La nini?"

"Lifunike tu."

"Nina cheti cha daktari. Umekiona."

"Nimekiona. Cha miaka miwili iliyopita. Funika jicho la kushoto, Asger."

Dirishani mwa darasa mtu alikuwa akifundisha wimbo. Asger alitazama shule, akatazama barabara. Kisha akainua kiganja na kukiweka juu ya jicho la kushoto.

"Ninaonyesha vidole vingapi?"

Wimbo ulifika kiitikio, ukaanza upya.

"Vitatu," Asger akasema.

Mikono ya Dagny ilikuwa mifukoni.

Hakumwambia. Hakukuwa na haja. Aliitoa, na Asger akasikia koti likichakarika. Mkono wa Asger ulishuka, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa basi.

"Lini?" Dagny akauliza.

"Desemba. Niliamka asubuhi pazia limeshuka. Sikuumwa. Nikasema litaisha."

"Ukaenda kwa daktari?"

"Angeniandikia nini? Mke wangu amekufa, wanangu wako Kopenhageni, hawapigi simu hata Krismasi. Ninalo basi hili tu. Nikajifunza. Unageuza kichwa zaidi, basi."

"Asubuhi ile uligeuza kichwa?"

Asger akakunja kitambaa mara mbili.

"Alitoka langoni, upande wako wa kulia," Dagny akasema. "Kulikuwa na giza giza. Kioo kikampiga. Ulisikia nini?"

"Kishindo. Nilidhani tawi. Miti ya makaburini inaota mpaka barabarani, nimelalamika mara ngapi." Sauti ilikuwa imekauka. "Basi lilikuwa tupu, nilikuwa sijamchukua hata mtoto mmoja. Nikapunguza mwendo. Nikatazama kioo cha kulia, hakikuwepo. Nikaenda."

"Hukushuka."

"Sikushuka."

"Ulijua saa ngapi?"

"Saa nne. Mwalimu mmoja alisema Oda ameokotwa mtaroni. Mchana nikaenda karakana, nikaligongesha basi kwenye nguzo. Nikamwambia fundi nimekigonga jana." Alijifuta uso kwa kitambaa kile kile cha vumbi. "Siku ya mazishi nilikwenda kwa Maren. Oda alikuwa akimtunza, nikaona... sijui niliona nini. Nilitaka kusema mahali fulani. Akanigeukia, akanigeukia, nikaweka mkono. Nikajua nimehukumiwa. Tangu siku ile nasubiri tu. Nilidhani atanichukua kabla hujafika."

"Na watoto kumi na mmoja ulionao mgongoni? Nao wasubiri?"

Asger akafunika uso.

Dagny alikuwa amejiandaa kwa hasira, na hasira ilikuwepo, lakini aliiweka kando kama chombo asichokihitaji kwa sasa. "Funguo," akasema.

Alizitoa mfukoni, akanyoosha mkono kumpa. Mkono ulisimama nusu shubiri kando ya kiganja cha Dagny. Dagny akasogeza kiganja, akazipokea.

"Nani atawapeleka nyumbani?" Asger akauliza.

"Siyo wewe. Inuka. Tunaondoka kabla kengele haijalia, ili wasikuone na mimi. Hilo tu ndilo ninaloweza kukupa."

Alimkabidhi kwa askari wa doria dakika tano kabla ya saa nane, akaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, akamwambia awapigie wazazi wote mmoja mmoja. Mwalimu mkuu alitaka kujua sababu. Dagny akamwambia. Kisha akampigia Frode.

"Usilifunge jalada," akasema. "Ninaye."

"Kwa ushahidi gani?"

"Amekiri. Daktari wa macho atampima jioni hii. Na nataka ile nguzo ya karakana ikatwe iletwe maabara. Kama mchubuko ni mpya kuliko alivyosema mwanzoni, rangi itatueleza."

"Umempataje?"

"Nitaandika. Utaisoma ya tano."

*

Villy Stenild, mume wa Oda, alimfungulia mlango akiwa na soksi na fulana ya sufu. Jikoni palikuwa safi mno, kama pa mtu anayesafisha ili asikae. Dagny hakuvua koti. Alimwambia akiwa amesimama, jina kwanza, kisha basi, kisha jicho.

Villy alishika ukingo wa meza. "Alibeba jeneza," akasema. "Mimi ndiye niliyemwomba."

"Ndiyo."

"Wiki tatu watu wananijia hapa na mikate, wanang'ong'ona kwamba mke wangu alijitakia. Kwamba alimsugua yule mama wa jiwe. Mimi mwenyewe, usiku mmoja, nilifika mahali nikamlaani Oda kwa ile brashi." Akaifuta meza kwa kiganja. "Niambie kitu, na usinidanganye kwa huruma. Angeshuka garini, Oda angepona?"

Dagny alikuwa amejua swali hilo linakuja tangu alipokunja kona ya nyumba. Wapo wenzake ambao wangesema hakuna ajuaye. Ingekuwa nusu ya kweli.

"Alilala mtaroni dakika arobaini," akasema. "Damu ilivujia ndani ya kichwa. Daktari ameandika kwamba angefikishwa mapema, uwezekano wa kupona ulikuwa mkubwa. Hakuandika hakika. Aliandika mkubwa."

Villy alitikisa kichwa mara kadhaa, kama anayepokea mzigo na kuupima mabegani. Nje, magari ya wazazi yalikuwa yakipita moja moja kuelekea shuleni.

"Iko wapi hiyo ripoti? Naweza kuisoma?"

Hairuhusiwi, kwa kawaida. Dagny akafungua mkoba, akaiweka mezani ripoti yake, maneno ya daktari yakiwa ndani. Villy akatafuta miwani, akasoma ukurasa wa kwanza taratibu, midomo ikicheza. Karibu na juu kidole chake kikasimama.

"Hapa mmekosea," akasema. "Mmeandika Stenil. Ina d mwishoni."

Dagny akavuta kiti, akaketi. Akatoa kalamu, akarekebisha jina, kisha akageuza ukurasa wa pili na kutafuta kila mahali lilipoandikwa, huku Villy akifuata kwa kidole kuhakikisha halirukwi hata moja.